Kupanga jina la mwenzako, ao kulinunua?

« Patroni, unataka ya kupanga ao ya kununua? » Ukisikia ulizo hilo hapa Lubumbashi, usifikiri palepale kama ni mambo ya nyumba ao ya lupango. Siku hizi inaweza kuwa akaunti ya Facebook, ya LinkedIn, ao namba ya WhatsApp. Wenye kuitafuta ni wafanyabiashara wenye kuuzisha pampu, sola ao vipuri vya mashini, wenye kuweka vijana juu ya kutafuta wanunuzi ku simu kutoka asubui mpaka magaribi.

Sababu yao tunaielewa. LinkedIn inamuwekea kila mutu kipimo cha mialiko yenye anaweza kutuma ku juma. WhatsApp nayo inaweza kufunga namba mupya yenye kutumia watu mia ujumbe uleule, watu wenye hawamujue. Basi patroni anapiga hesabu: nikipata akaunti kumi za zamani, zenye marafiki na picha, nitafikia watu mara kumi. Kisha anabakia na ulizo moja tu: nilipe kila mwezi, ao ninunue kabisa?

Siye tunasema ulizo lenyewe ni mubaya, juu hapo hakuna kitu cha kununua.

Lupango unaununua na karatasi. Mwenye alikuuzishia akirudia kesho, unamuonyesha karatasi na maneno inaisha. Akaunti haina karatasi. Masharti ya Facebook yanakataza kumupatia mutu mwingine akaunti bila ruhusa, na LinkedIn pia inakataza. WhatsApp yenyewe inafuata namba: mwenye kubakia na ile SIM akiomba kode ya kuingia, akaunti inaweza kumurudilia, na vijana wako wanatupwa inje. Kwa hiyo hata kama ulilipa bei ya kununua, ungali mupangaji. Na mwenye nyumba wa kweli hajue kama uko mule ndani. Siku atajua, atafunga mulango bila kukurudishia hata franga moja. Mazungumuzo na namba za wanunuzi wako vitabakia mule.

Wamoja watatuambia: basi kupanga ni afazali, akaunti ikifungwa unapanga ingine. Ku hesabu ya patroni ni kweli, hasara yake iko kidogo. Lakini ile hasara haipotee. Inamubakia mwenye jina.

Tuseme ni kijana wa Kasapa, mwanafunzi, mwenye kutafuta feza ya mega na ya usafiri. Anapangisha akaunti yake kwa dola kidogo ku mwezi. Picha ni yake, jina ni lake, SIM iliandikishwa na karte yake ya uchaguzi. Mambo yenye wanaandika, haione. Siku moja mutu wa Likasi anatuma avansi ya pampu, na pampu haifike. Atashitaki nani? Kampuni yenye haikuandika jina lake popote? Hapana, atashitaki kijana. Polisi itaanzia ku namba yake. Na mujomba wake wa Kolwezi, mwenye alijibu juu aliona picha ya mutoto wa dada yake, hataelewa kama siye yeye alikuwa anaandika.

Kuko tena akaunti za kuuzisha zenye hazina mwenyewe: zilitengenezwa na picha ya mutu mwenye hakuulizwa. Pale, haiko tena mambo ya masharti ya Facebook tu. Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023 inaazibu kutumia utambulisho wa mutu mwingine ku mutandao. Patroni asifikirie kama kusema « mimi nilinunua tu » itamutosha.

Mapatroni, fungueni akaunti ya kampuni yenyewe. WhatsApp Business haiombe malipo juu ya kuifungua. Kila kijana atumie jina lake na aseme anatumika wapi. Namba za wanunuzi ziandikwe ku daftari ao ku ordinatere ya kampuni. Itaenda polepole, ndiyo. Lakini mutu mwenye kutoa dola elfu juu ya pampu anataka kujua ofisi iko ku barabara gani, na ni nani atamuuliza ikiharibika.

Na wewe kijana, kama umekwisha kupangisha, fungua WhatsApp leo, angalia vyombo vyenye kuunganishwa, utoe vyote vyenye haujue. Weka kode ya siri ya namba sita. Badilisha neno la siri la Facebook. Ile feza ya mwezi inaisha mbele ya juma kuisha. Siku utaomba kazi, patroni atatafuta jina lako ku mutandao mbele ya kukuita. Afazali akute maneno yenye uliandika wewe mwenyewe.