Kanawiri, basi yuko salama?

Wiki hii nakuletea mtego mmoja wa maneno ambao nausikia kila siku vijiweni, saluni na kwenye daladala.

Jamaa anakwambia: "Yule demu nimemcheki, kanawiri, ngozi inang'aa. Hana ukimwi yule!" Ukisikiliza harakaharaka unaona kaongea pointi. Hebu tulia. Kaanzia kwenye ngozi, kaishia kwenye damu. Katikati kuna daraja ambalo hakulitaja: kwamba kila mwenye virusi lazima aonekane mgonjwa. Hilo ndilo linalobeba mzigo wote, na kwa vile halikusemwa, hakuna anayelikagua.

Dawa yake mimi naijua. Chukua lile daraja, lipindue, halafu uliza: "Na kama mwenye virusi anaweza kuonekana mzima?" Hoja ikianguka, ujue ilikuwa imesimama hapo.

Na hii inaanguka puu! Magic Johnson, yule fundi wa kikapu wa Los Angeles Lakers, alitangaza Novemba 1991 kwamba ana virusi. Mwaka 1992 huyohuyo akacheza Olimpiki ya Barcelona, Marekani ikachukua dhahabu. Kwa kumtazama tu, ungeona ugonjwa gani? Mtu anaweza kukaa na virusi miaka kadhaa bila dalili yoyote, na anayetumia dawa vizuri ananawiri kama wewe.

Geuza upande wa pili: "Kakonda, basi kakanyaga miwaya." Daraja lililofichwa ni kwamba hakuna kingine kinachokondesha. Thubutu! Kisukari je? Kifua kikuu? Mawazo? Hapo unamchafulia mwenzako jina bure.

Na nyie wa "tumepima leo, tuko safi", nawaona. Mmechukulia kwamba kipimo kinaona hadi ya juzi. Vipimo vya kawaida vinaweza kukosa maambukizi mapya, ndiyo maana watu huambiwa warudi kupima baada ya miezi 3.

Sisemi umkimbie mpenzi wako, la hasha. Nasema macho yana kazi yake na kipimo kina kazi yake. Nendeni wote wawili, mkarudie, na kondomu isikosekane.

Na mtu akikutupia neno "basi", mshike shati umuulize: hapo katikati umepita wapi?

Tukutane wiki ijayo.