Mwenye Ndoto Ndiye Mwenye Jinamizi

Msomaji, ukiwauliza wapenzi wa mchezo uitwao Pathfinder ni mungu gani atawalaye ndoto katika ulimwengu wake, wengi watakujibu bila kusita: ndoto ni za Desna, na jinamizi ni la Lamashtu. Jibu hili limeenea, tena ni jepesi kukumbuka. Mimi nasema ni jibu baya.

Kwa asiyeujua mchezo, wachezaji huketi mezani, kila mmoja akanena na kutenda kwa niaba ya mtu wa kubuni. Msimamizi husimulia yanayotukia, na palipo na shaka dadu hukata shauri. Kanuni zake zilichapishwa Marekani mwaka 2009, zikitokana na zile za Dungeons & Dragons, mchezo uliotoka mwaka 1974. Dunia yake huitwa Golarion, nayo ina miungu mingi, mingi yao ya kubuni tu. Desna ni mungu wa kike wa nyota, wasafiri, bahati na ndoto; alama yake ni kipepeo. Lamashtu ni mama wa mazimwi na mwenye wazimu. Jina lake limetwaliwa kwa pepo wa Babeli ya kale, aliyeogopwa na wazazi wa watoto wachanga. Uhasama wao una sababu. Lamashtu alimwua Curchanus, mlezi wa Desna, akamnyang'anya mamlaka yake juu ya wanyama.

Sasa tazama wanavyosema hao wagawanyaji. Aliyekwisha kuiba milki moja wanamkabidhi nyingine, tena kwa hati!

Watanishika kwa lugha yetu wenyewe, wakisema Kiswahili kina neno ndoto na neno jinamizi. Kweli kinayo. Kina pia neno manyunyu na neno gharika, na wingu ni moja. Mlalaji huanza akiota yuko arusini, na kabla pilau haijapakuliwa, bibi arusi ana meno ya fisi. Ni wakati gani basi alipovuka mpaka wa Desna? Nani alimwona akivuka?

Wayunani wa kale hawakukimbia swali hili. Katika kitabu cha pili cha Iliad, Zeus mwenyewe ndiye ampelekeaye Agamemnon ndoto ya uongo, ili ajione tayari ameutwaa mji wa Troy. Homer hakutafuta mungu mwovu wa kutwishwa lawama. Na katika Odyssey, Penelope anataja milango miwili ya ndoto, wa pembe kwa zile za kweli na wa pembe za ndovu kwa zile za kudanganya. Milango ni miwili, lakini hakusema kila mlango una mfalme wake.

Hata kanuni za mchezo haziwaungi mkono. Katika kitabu cha mwaka 2009, mchawi mwenye ujuzi wa kutosha aweza kumpelekea mtu jinamizi akiwa mbali naye. Aliyeshindwa kulipinga huumia, huamka amechoka, na kama ni mchawi naye, hawezi kurudisha uchawi wake kwa saa 24. Mchawi huyo hahitaji kuwa mfuasi wa Lamashtu. Ikiwa kila mwenye ujuzi aweza kuliingia shamba na kuharibu, Lamashtu ni mwizi mkubwa kupita wezi wengine, wala si mwenye shamba.

Na madhara ya jibu lile huonekana mezani. Fikiri mcha Desna ameamka usiku wa tatu anatokwa jasho, roho inamwenda mbio. Anakwenda hekaluni, na kuhani, kwa kinywa cha msimamizi, anamwambia kwamba hayo si ya huku. Aende wapi? Kwa adui? Desna huyu asifiwaye kwa kila usingizi mwanana, asiyeulizwa kwa usingizi mchungu hata mmoja, ni mtawala wa namna gani? Mlinzi akiulizwa habari za mahindi yaliyokatwa usiku hajibu kwamba wizi ni kazi ya wezi.

Kwa hiyo, wewe utakayeketi katika kiti cha msimamizi, mwache mcha huyo adai haki yake mbele ya kipepeo, apaze sauti akitaka. Na kuhani awe na la kumjibu, au aone haya.