Imani ya Askari na Ionekane Lindoni

Katika makambi ya jeshi na vituo vya polisi, ndugu zetu wanaoshika dini kwa bidii si wachache. Jioni, baada ya gwaride, husikika nyimbo za sifa upande mmoja na adhana upande wa pili. Jambo hili ni la kupendeza, maana mtu aliyekabidhiwa silaha ana haja kubwa ya dhamiri iliyo macho.

Hata hivyo liko swali ambalo yafaa tulikabili waziwazi. Mkristo aliye askari aishi vipi, na awashirikishe wenzake imani yake kwa njia gani, pasipo kuiharibu kazi aliyokula kiapo kuifanya? Wako wanaosema kwamba haiwezekani, kwani mshika mawili moja humponyoka. Sisi hatukubaliani nao. Tunasadiki kwamba kwa askari kazi njema ndiyo mahubiri ya kwanza, na mahubiri yasiyotanguliwa na kazi hiyo hayapati mtu wa kuyaamini.

Maandiko yenyewe yanatuongoza. Askari walipomwendea Yohana Mbatizaji na kumwuliza wafanye nini, hakuwaamuru watupe silaha zao wala waende nyikani kuhubiri. Katika sura ya 3 ya Luka twasoma kwamba aliwakataza kudhulumu watu na kuwasingizia, akawataka watosheke na mshahara wao. Tena yuko Kornelio, akida wa kikosi cha Kiitalia kule Kaisaria, ambaye habari zake zimo katika sura ya 10 ya Matendo ya Mitume. Sifa ya uadilifu wake haikutoka kinywani mwake. Ilitoka kwa watumishi wake wawili na askari mmoja aliowatuma kwa Petro. Basi na tujiulize: wale walio chini yetu wakitumwa mahali, nao wakaulizwa habari zetu, watajibu nini?

Askari apokeaye kitu kidogo kwa dereva kwenye kizuizi cha barabarani, kisha Jumapili akasimama kutoa ushuhuda, hajui kama dereva yule hakuketi benchi la nyuma akimsikiliza. Mwenye kukesha katika maombi Ijumaa usiku, na kesho yake akasinzia lindoni, amemwomba Mungu akilinde kikosi, kisha yeye mwenyewe akakiacha bila mlinzi. Naye atoaye mshahara wote kwa mhubiri, ilhali watoto wake wamerudishwa nyumbani kwa kukosa karo, na alisome onyo la Paulo kwa Timotheo, kwamba asiyewatunza walio wake ameikana imani. Sala, zamu na nyumba vyote vina saa yake. Kuiba saa ya kimoja ili kukipa kingine si utakatifu.

Liko jambo la pili, nalo ni zito zaidi kwetu kuliko kwa raia. Sisi ni watu wa amri. Afisa akimwambia kuruta, "Njoo tusali pamoja," yeye aweza kudhani kwamba ametoa mwaliko, lakini kuruta amesikia amri. Ataitika, atapiga magoti, na pengine moyoni mwake hakuna kitu ila hofu ya kunyimwa likizo. Imani iliyopatikana kwa njia hiyo ni gwaride jingine tu. Kwa hiyo mwenye cheo apendaye kushiriki imani yake na aliye chini yake hana budi kwanza kumwonyesha kwa maneno na kwa vitendo kwamba akikataa hatapungukiwa na lolote. Katiba ya mwaka 1995 inatamka kwamba Uganda haitakuwa na dini ya taifa, na inampa kila mtu haki ya kufuata dini yake. Kuruta naye ni mtu. Makasisi na maimamu wa jeshi wapo kwa ajili ya wote watakao kwenda kwao kwa hiari.

Historia yetu imekwisha kutuonyesha tofauti iliyopo kati ya ushuhuda na nguvu. Wengi wa vijana waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, Wakatoliki na Waanglikana, walikuwa watumishi katika jumba la Kabaka Mwanga. Walijifunza dini na kufundishana huku wakiutimiza utumishi wao, wala hawakumshikia mtu silaha ili aamini. Lakini haikutimia miaka sita. Tarehe 24 Januari 1892 Wakristo wa madhehebu hayo hayo, wakiitwa Waingereza na Wafaransa ingawa walikuwa Waganda, walipigana kwa bunduki pale Mengo, na Kapteni Lugard akawasaidia Waprotestanti kwa bunduki ya Maxim. Ufa wa siku ile uliingia hata katika vyama vya siasa vya miaka ya 1950 na 1960. Tena Joseph Kony, aliyeanzisha uasi wake mwaka 1987 akidai kusimamisha Amri Kumi za Mungu, aliteka maelfu ya watoto wa kaskazini. Dini iliyoshika bunduki ili iaminiwe haijatuletea ila makaburi.

Kwa ndugu zetu polisi, neno letu ni fupi. Mahabusu hawezi kuondoka unapomhubiria, kwa hiyo mtendee haki kwanza. Sheria yataka afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Ukimsomea Injili katika saa ya 60, unamsomea kitabu ambacho wewe mwenyewe hujakishika. Mlinzi wa gereza la Filipi, usiku ule ule alipoamini, aliwaosha Paulo na Sila majeraha yao. Toba yake ilianzia kwa wafungwa aliokuwa akiwalinda.

Ushuhuda wa namna hiyo hauhitaji hata lugha moja kati ya msemaji na msikiaji. Vikosi vyetu viliingia Mogadishu Machi 2007, katika mji wa Waislamu. Wenyeji waliotibiwa na madaktari wa kijeshi hawakuhitaji kuulizwa dini yao, na askari Mkristo aliyesimama lindoni kuwalinda hakuhitaji kuhubiri ili kumtii Bwana wake.

Hatusemi kwamba mwamini anyamaze. Mwenzako akikuuliza mbona hupokei hongo, mbona hukumpiga mfungwa, mbona nyumba yako ina utulivu, mweleze sababu bila haya na bila majivuno. Atakuwa amekufungulia mlango mwenyewe. Wahenga walisema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Imani yenye matunda itatafutwa na wenye njaa.

Ndugu wapiganaji, ndugu askari polisi, usiku wa leo tutapokezana zamu kama kawaida. Mkristo miongoni mwetu na asali, kisha afike kwa wakati, bunduki yake ikiwa safi na akili yake ikiwa macho, ili Mwislamu anayempokea lindo aende kulala bila wasiwasi.