Mwanafunzi Naye ni Mtafiti

Tangu mwaka 2014, kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN, kilichopo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, kimekuwa kikiwaalika wanafunzi wa sekondari wa nchi zote wapendekeze majaribio yao wenyewe. Washindi hupelekwa kuyafanya kwa mashine halisi za wataalamu, zirushazo chembe ndogo mno kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga.

Hii si safari ya kutembezwa na kupigwa picha. Mwaka 2014 vijana wa Uholanzi walikwenda na fuwele walizozikuza wenyewe, wakazijaribu kama zinafaa kupimia nishati ya chembe. Mwaka 2015 wanafunzi wa Johannesburg, Afrika Kusini, walikuwa miongoni mwa washindi. Mwaka 2018 ikawa zamu ya India na Ufilipino, na mwaka 2023 Pakistani nayo ikawamo. Ni dhahiri kwamba heshima hii si ya mataifa tajiri peke yao. Kinachotakiwa kwanza ni swali zuri na mwalimu wa kuliongoza.

Wapo watakaouliza: skuli zenye upungufu wa madawati zina haja gani na chembe zisizoonekana? Swali hilo linastahiki jibu. Chembe hizo haziko Ulaya tu. Miale itokayo anga za mbali inapogonga hewa huzaa chembe ziitwazo muoni, na kwenye usawa wa bahari hupita takriban 1 kila dakika katika kila sentimita ya mraba. Hupita katika kiganja cha mvuvi wa Kojani kama zipitavyo katika kiganja cha waziri. Huko Uholanzi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, skuli zilianza kufunga juu ya mapaa yao vyombo vya kuzinasa chembe za namna hii, na hesabu zao zikawafaa wataalamu. Mapaa na sisi tunayo.

Tusichokuwa nacho ni mazoea ya kutenda. Kijana anayeweza kulieleza jaribio asilopata kuligusa atafaulu mtihani, lakini hatakuwa mtaalamu. Wazee wetu wametufunza kwamba elimu bila ya amali ni mti usio na matunda. Wala lawama si ya mwalimu, ambaye mara nyingi hana vifaa wala nafasi.

Kwa hiyo tunatoa wito kwa wakuu wa elimu na vyuo vikuu vyetu kuanza kwa hatua ndogo: skuli moja Unguja na moja Pemba, chombo kimoja cha kuhesabia muoni kwa kila skuli, na mwalimu aliyepunguziwa vipindi ili asimamie kazi hiyo. Wanafunzi waandike hesabu zao kila siku, wazilinganishe, na wazisome mbele ya wazazi na viongozi.

Tukingoja maabara zikamilike kwanza, vijana walioko madarasani leo watakuwa wamekwisha kuondoka.