Amri ya Ulinzi Si Talaka



Wako akina mama wanaostahimili kipigo miaka nenda miaka rudi kwa kuchelea kwamba kwenda mahakamani ni kuvunja nyumba. Hofu hiyo yafaa iondolewe. Amri ya ulinzi, inayotolewa chini ya sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani, si talaka. Mambo ya ndoa, talaka na eda hubaki kwa Kadhi. Amri hii hutolewa na hakimu, na kazi yake ni kuzuia madhara.

Aliyeumizwa atangulie hospitali na ahifadhi karatasi za matibabu. Akifika kituo cha polisi, ana haki ya kuomba maelezo yake yaandikwe na askari wa kike, na asitoke bila nambari ya OB. Kisha maombi hupelekwa mahakamani. Hakimu akiona kwamba kuchelewa kutaleta madhara, aweza kutoa amri ya muda hata kabla ya kumsikiliza mume. Amri hiyo yaweza kumkataza kupiga, kutisha, kumwandama mkewe, na hata kuingia nyumbani, ijapokuwa nyumba ni yake.

Na akiivunja? Mara nyingi mume hurudi usiku akiomba radhi, wazee wakasihi, mlango ukafunguliwa, na kila mtu akadhani amri imekwisha. Haikwisha. Amri haifutwi kwa radhi wala kwa kikao cha jamaa. Hufutwa na mahakama. Aliyekabidhiwa amri akaikiuka ametenda kosa la jinai, ambalo adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi 12, au vyote viwili. Lakini askari hawezi kuchukua hatua juu ya jambo asilolijua. Ukiukaji uripotiwe mara ya kwanza, usingojwe wa tatu. Nakala ya amri iwekwe kituoni, na nyingine kwa jamaa mwaminifu. Anayehitaji msaada aweza kupiga simu 1195 bila malipo.

Sulhu ni jambo tukufu, nayo mlango wake haukufungwa: waliopatana kweli warudi kwa hakimu, amri ibadilishwe au iondolewe. Ila mke asishurutishwe kusamehe ilhali bado ana majeraha. Qur'ani yenyewe, katika Surat al-Baqara aya ya 231, yakataza mke kuzuiliwa kwa nia ya kumdhuru.

Wabillahi tawfiq.