Ekrani ya pili igeukie mchimbaji

Wandugu, kompyuta ya kwenye meza ya mizani inaangalia upande mmoja tu: upande wa mwenye kuandika. Mchimbaji ametoka shimoni, ameleta dhahabu yake, anaona mgongo wa masini. Gramu ngapi zimeandikwa, deni la chakula limekatwa mara ngapi, PDG wa shimo amechukua kiasi gani, hayo yote anayasikia kwa mdomo. Sisi tunasema koperative ya Misisi, ya Lubichako ao ya fasi ingine yenye iko na kompyuta iweke ekrani ya pili, igeuzwe kwake.

Lakini inunuliwe kwa akili. Wenye wanatumia Linux tunawasifu: hailipiwi, na virusi vingi vyenye vinatembea na flashi ni vya Windows. Sasa wanaona ekrani ya USB, waya moja inaleta picha na umeme pamoja, na kwa mwenye anaishi kwa sola ni kitu cha kutamaniwa. Wanalipa, wanachomeka, ekrani inabaki nyeusi. Wanasema imekufa. Mara nyingi haijakufa.

Ekrani hizo ziko namna mbili. Ya kwanza ni ya USB-C: kompyuta inatoa picha yenyewe, haiombi programu, lakini tundu lake liwe la kupitisha picha, maana si yote yanapitisha. Ya pili ina chipu ya DisplayLink. Za zamani, za USB 2, Linux inazijua yenyewe. Za USB 3 zinataka piloti, ni kusema programu ya kufundisha kompyuta kuongea na ekrani. Andika lsusb, ukiona namba inaanza na 17e9, hiyo ni DisplayLink. Pale utatafuta piloti kwenye intaneti, na mwenye iko mbali na mtandao mzuri atume mtu ailete kwa flashi kutoka Baraka ao Uvira. Flashi hiyo isifutwe.

Na taabu haiishi siku ya kwanza. Kipande kimoja cha piloti, evdi, kinajengwa juu ya kerneli, moyo wa Linux. Kerneli ikibadilishwa, evdi ijengwe upya. Mara inajijenga, mara inakataa, na ekrani inazimika siku ya mizani, watu wako mstari. Siku hiyo, wakati wa kuwasha, chagua kerneli ya zamani kwenye orodha. Na kama Secure Boot iko wazi, kompyuta inaweza kukataa evdi yenye haijasainiwa.

Kwa hiyo mawazo yetu ni haya: kompyuta yenye tundu la HDMI ao VGA, nunueni ekrani ya kawaida, hata televizyo. Itakula umeme wake, ndiyo. Afadhali kuongeza batri kuliko kungojea fundi.

Kuna jambo moja lenye linatuuma kuliko waya. Linux inauliza: kurudia picha ileile, ao kupanua meza? Koperative ichague kurudia. Ukipanua, mwandishi anaweza kumuonyesha mchimbaji ukurasa mmoja na kuandika kwenye mwingine, na hapo tumenunua ekrani ya kudanganyia. Wenye wanasema majina ya wengine yataonekana, wafungue ukurasa wa mtu mmoja mmoja, si kazi ngumu. Wenye wanasema italeta makelele, tunawauliza: leo hakuna makelele?

Gramu ziandikwe, si tola peke yake; tola 1 ni gramu 11.66, na kwenye mkato huo watu wanapoteza. Mizani yenyewe ekrani haiitengenezi, hilo tunajua.

Mchimbaji mwenye hajui kusoma aje na mtoto wake wa shule. Mbele ya ekrani iachwe nafasi ya watu wawili.