Wavua Nyangumi Walitunza Madaftari, Sisi Tunafungia Karanga

Jamani, tuache kusingizia. Kila tukianza kuzungumzia historia, lazima mmoja atasema, "Wazungu walituibia kumbukumbu." Sawa, mengi waliiba. Lakini zipo karatasi ambazo hawakumwibia mtu. Waliziandika wenyewe, wakiwa hapa hapa kwetu, wakazitunza. Nazungumzia barua na madaftari ya Wamarekani wa karne ya 19.

Mnalijua neno merikani? Ile nguo ya pamba isiyopaushwa. Ililetwa na meli za Salem, Massachusetts. Mwaka 1833 Edmund Roberts alifunga mkataba na Sayyid Said, na mwaka 1837 Richard Waters akafika Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani. Balozi gani! Mchana kutwa alikuwa sokoni: pembe za ndovu, sandarusi, merikani. Barua zake zipo hadi leo. Mwaka 1965 Bennett na Brooks walichapisha sehemu yake, pamoja na za wenzake, katika kitabu kizima.

Wavua nyangumi nao walitia nanga Unguja. Mmoja wao, J. Ross Browne, aliachana na meli yake pale pale, akaandika habari zake katika kitabu kilichotoka mwaka 1846. Madaftari ya meli zile usiombe! Nyangumi akiuawa, anagongewa muhuri wenye umbo lake, na mapipa ya mafuta yanahesabiwa. Baharia naye ana hesabu yake: mgawo wake huu, deni lake la nguo na tumbaku hili. Leo wanasayansi wanayasoma madaftari hayo kujua pepo za baharini miaka ile zilivumaje.

Arusha tunahusikaje? Pembe hazikuota Unguja, ndugu zangu. Misafara ya Pangani ilipanda mpaka Kilimanjaro, Meru na Umasaini kuzitafuta. Bei waliyolipa Wamarekani pwani tunaweza kuisoma. Aliyeuza pembe huku bara alipata nini? Hakuna daftari. Biashara ya watu wawili inasimuliwa na mmoja.

Mtasema mababu hawakuandika. Haya, na sisi tuliokwenda shule? Nilitaka kuandika habari ya bei aliyolipwa mkulima wa kahawa wa Meru miaka ya nyuma. Ofisi moja, siitaji, ikanijibu kwamba vitabu vya zamani vilichomwa kupisha makabati mapya. Wiki hiyo hiyo nikanunua karanga mjini, zimefungwa kwenye ukurasa wa leja ya mtu: tarehe, magunia, saini. Karanga za shilingi mia ndani ya jasho la miaka!

Na msiniambie si utamaduni wetu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alitoka Meru akaenda Umoja wa Mataifa, New York, kudai ardhi ya Engare Nanyuki. Mwaka 1967 yeye na Earle Seaton wakatoa kitabu cha kesi ile. Wameru walijua nguvu ya karatasi kabla hatujapata Uhuru.

Kwa hiyo wenye maduka, vyama vya ushirika, na wewe msomi mwenye babu aliyeuza kahawa: lifungueni lile sanduku. Piga picha risiti, andika majina, peleka nakala chuoni au Nyaraka za Taifa. Wajukuu wakija kuuliza tuliuza nini na kwa bei gani, wasilazimike kuomba viza ya Marekani kutafuta jibu.